Ngamizi Iliangamia, King'amuzi Kikapona

Ndugu msomaji, kabla hatujaenda mbali naomba utamke maneno mawili kwa sauti: ngamizi na king'amuzi. Kama uko ndani ya basi usione haya, jirani yako atadhani unaongea na simu. Neno la pili bila shaka unalijua. King'amuzi ni kile kisanduku kinachokaa karibu na televisheni na kudai malipo kila mwezi. Na la kwanza je? Kwa taarifa yako, ngamizi ni kompyuta. Neno hilo limo kwenye kamusi, limewekwa humo na wataalamu wenye nia njema. Nimeliulizia hapa Lushoto, kituo cha mabasi na sokoni, na nilichopata ni swali juu ya swali: "Ni dawa ya wadudu wa kabichi?"

Nilicheka, na wewe ucheke. Neno lenyewe linanuka kuangamiza. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kikageuka kuwa fumbo. Maneno haya mawili yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Yote mawili ni ya Kiswahili kwa sura, yote mawili yanataja mashine iliyotoka ng'ambo. Mbona moja limekufa kabla ya kuzaliwa, na la pili analitumia hata mama muuza karoti ambaye hajawahi kufungua kamusi?

Jibu ninaloliona ni hili: jina la mashine huishi pale ambapo watu wameishika mashine kwa mikono yao na kuitania. Na historia ya kompyuta katika nchi yetu, ukiisoma vizuri, ni historia ya watu waliocheleweshwa kuitania.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 Dar es Salaam, katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Usifikirie kitu cha kubeba kwenye begi. Mashine za wakati ule zilijaza chumba, zilihitaji baridi kuliko asubuhi ya Magamba mwezi wa saba, na zilikuwa na watumishi wao kama machifu. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba tu. Saba! Leo zipo nyingi kuliko hizo kwenye maduka ya steshenari ya barabara moja.

Serikali ilitegemea mashine hizo zifanye kazi ya hesabu zake. Mambo yakaenda mrama. Mfumo wa hesabu ukakwama, vitabu vikavurugika, fedha za kigeni zikaliwa na mashine pamoja na wageni waliokuja kuzihudumia. Basi mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni zikafungiwa katika amri hiyohiyo. Aliyetaka kuleta kompyuta ilimbidi aombe kibali na kueleza ya nini.

Sisi vijana tunapenda kuwacheka wazee kwa amri hiyo. Tusiwacheke upesi. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla kuanzia mwisho wa 1973, mvua zilikuwa haba, nchi ilikuwa inanunua chakula nje kwa dola. Ungekuwa wewe ndiye waziri, mbele yako kuna meli ya mahindi na mashine iliyovuruga hesabu, ungelipia kipi? Hata mimi ningechagua ugali. Kosa halikuwa kwenye kuchagua ugali. Shida ilikuja baadaye, pale mlango ulipoachwa umefungwa miaka mingi wakati kitu chenyewe kilikuwa kinabadilika huko nje. Masharti yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980, kibali kimoja kimoja. Televisheni Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970.

Sasa tazama saa ya dunia. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya amri yetu, huko Marekani lilianza kuuzwa sanduku la vipande linaloitwa Altair, ukinunua unajiungia kompyuta yako mwenyewe mezani. Mwaka 1977 ikaja Apple II, ya kuweka nyumbani. Yaani mashine ilitoka kwenye chumba cha machifu ikaingia kwenye vyumba vya vijana wasio na cheo, wakaifungua, wakaiharibu, wakaitengeneza, wakaipa majina ya kipuuzi. Sisi tulifunga mlango wakati kompyuta ni tembo, tukaufungua imeshakuwa paka. Katikati hapo hatukuiona ikikua.

Na hayo majina ya kipuuzi ndiyo hoja yangu. Wengi hudhani maneno ya kompyuta ya Kiingereza yalitungwa na maprofesa kwa uzito mkubwa. La hasha. Kile kidude unachokisukuma mezani kilibuniwa na Douglas Engelbart na wenzake, na kilipewa jina la panya kwa sababu waya wake ulifanana na mkia. Akakionyesha hadharani mwaka 1968, na jina la utani likabaki hadi leo. Hitilafu ya programu inaitwa mdudu. Mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947, kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, walikuta nondo halisi amenasa ndani ya mashine. Wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwa mzaha kwamba hatimaye mdudu wa kweli amepatikana. Zile barua za matangazo zinazojaa kwenye anwani yako zimepewa jina la nyama ya kopo, kutokana na igizo la kuchekesha la kundi la Waingereza, Monty Python, la mwaka 1970, ambamo nyama hiyo inatajwa mpaka unachoka kuisikia.

Umeona? Panya, mdudu, nyama ya kopo. Hii ni lugha ya watu waliokuwa wanacheza. Sisi tuliupokea mchezo wao baada ya kupoa, tukaukuta umevaa suti, tukauita teknolojia. Mwaka 1999 dunia nzima ilipokuwa inatetemeka kwa hofu ya mdudu wa mwaka 2000, eti kompyuta zitashindwa kusoma tarehe, sehemu kubwa ya milima hii mdudu huyo asingepata hata wa kumuuma.

Wala usiniambie sisi hatujui kuzipa mashine majina. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, hapo chini ya milima yetu, mwaka 1905, wakati Lushoto bado inaitwa Wilhelmstal na Wajerumani. Watu wa wakati ule walikuwa kwenye kazi yenyewe, wengine kwa kulazimishwa. Walipoliona lile dude linakohoa, wakaliita gari la moshi, basi. Hakuna kamati iliyokaa. Chukua neno simu. Asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Watu wa pwani walilichukua na kulifanya lao, na leo simu yako haina waya hata kidogo, lakini bado unaiita waya bila kujijua. Neno likishazoea kinywa halidai tena maelezo.

Kwa hiyo sina ugomvi na maneno ya kukopa. Shule ni Kijerumani, meza ni Kireno, kalamu ni Kiarabu, na kompyuta ni jirani mpya kwenye mtaa huohuo. Ninachoulizia ni ule mchezo. Mashine ikija na heshima yake imekamilika, hakuna nafasi ya kuitania, na usichoweza kukitania utakiogopa.

Wakubwa zangu wananisimulia kompyuta za ofisini za miaka ya 1990. Chumba chake kilikuwa na zulia, unavua viatu mlangoni kama msikitini. Jioni ilifunikwa kwa kitambaa. Mhazili aliyekuwa bingwa wa taipureta, vidole vinaruka kama mvua ya bati, aliambiwa asiiguse mpaka aende kozi. Mbele ya mashine ya namna hiyo nani atathubutu kusema utani? Wazee walinong'ona tu. Ndipo ilipozaliwa sentensi ambayo mpaka leo inatawala madirisha ya ofisi zetu: "Kompyuta imekataa." Karani wa zamani alikataa mwenyewe, ungeweza kumbembeleza au kumsubiri aondoke. Huyu wa sasa anakataliwa na mashine kwa niaba yako, na mashine haina mjomba.

Wataalamu wa lugha walijitahidi, sikatai. Kenya walishika tarakilishi, shuleni wanaitumia, na mimi naipenda kwa sababu ndani yake nasikia tarakimu. Mwaka 2003 Serikali yetu ikatoa sera ya taifa, na tukapata neno Teknohama, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, baadaye likafupishwa kuwa Tehama. Mtu mwenye masikio ya mtaani lazima asikie humo kitu kinahama. Ukilitamka hapa kwetu, ambako vijana kila mwaka wanashuka Mombo kupanda basi la Dar, unajiuliza nani amehama, teknolojia au sisi?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye amri zote kwa Kiswahili, ya bure kabisa. Kazi ya maana mno. Nimetumia kompyuta za kukodi katika steshenari nyingi na sijaikuta hata siku moja. Kufikia hapo wachapaji walikuwa wameshajifunza kusevu, kuprinti na kuskani, vidole vimezoea, na njaa haisubiri tafsiri. Rafiki yangu mchapaji nilimwambia, "Usisahau kuhifadhi kazi yangu." Akanijibu, "Hifadhi? Nikaipeleke Mkomazi kwa vifaru?"

Lakini tazama kilichotokea simu ya mkononi ilipofika. Kampuni ya kwanza, Mobitel, ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na simu zilikuwa za matajiri, kubwa kama tofali. Baada ya mwaka 2000 bei ikaanza kushuka, minara ikapanda vilimani, na kwa mara ya kwanza mkulima wa Mlalo na mwanasheria wa Dar wakashika mashine ya aina moja. Hapo lugha ikalipuka! Kubipu: unapiga, unakata kabla hajapokea, salio halitoki. Watu wakatunga lugha nzima ndani ya mlio huo, mlio mmoja nimefika Mombo, milio miwili njoo unipokee. Kampuni zilitega mtego wa kulipia kila neno, wananchi wakapata njia ya kuongea bila neno. Vocha tukaikwangua kama ukoko wa sufuria. Salio tukalirusha kama mpira. Na kutoa kitu kwenye mtandao tukakiita kupakua, kama mama anavyopakua wali jikoni. Kuna lugha gani nyingine ambayo kila ukichukua wimbo mtandaoni unapewa na harufu ya chakula?

Sikiliza pia kipanya. Wataalamu walikitafsiri kutoka kwenye utani wa Engelbart, na hapa walibahatika, kwa sababu Waswahili tayari walikuwa na vipanya vyao. Dar es Salaam zile Hiace ndogo za abiria ziliitwa vipanya. Mchoraji katuni Masoud Kipanya naye alishatuzoesha mnyama huyo, anatokea gazetini kuwasema wakubwa. Kipanya cha kompyuta kilipofika kilikuta ukoo unamsubiri.

Ndipo tunakifikia king'amuzi. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 mitambo ya zamani ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na mkoa wetu wa Tanga ukafuata mwisho wa Januari 2013. Bila kile kisanduku televisheni ni kioo cha kujitazamia. Watu walinung'unika, walikopa, walinunua. Jina likashika kwa sababu kitu kilikuwa sebuleni, kinauma mfukoni, na kila mtu anajua kung'amua ni nini. Palepale utani ukaanza. Mtu asiyeelewa upesi akaambiwa anunue king'amuzi. Mzee asiyetaka binti asome akaitwa analojia. Kenya nako, kwenye uchaguzi wa 2013, wanasiasa walijiita dijitali na kuwabandika wapinzani wao analojia. Neno la mafundi wa mitambo likawa fimbo ya siasa kwa muda mfupi.

Na utani huu haukuwa wa kupoteza muda tu. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima. Siku zile kila mtu alikuwa anabonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, aone namba ya simu yake kama ni halali. Mimi nilikuwa bado shuleni. Nakumbuka kila kitu kiligeuka feki kwa wiki nzima: mchumba feki, kiatu feki, mwanafunzi feki. Nyuma ya kicheko hicho kulikuwa na watu waliouza kuku ili wanunue simu, hawakujua ni bandia, na sasa imezimika mkononi. Kicheko kilikuwa namna ya kusema tumeumia bila kulia mbele za watu.

Sasa nikupe kisa kilichonifundisha kuliko vitabu. Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa kuanzia tarehe 20. Nilimsindikiza bibi yangu kwenda kusajili yake, mahali ambapo sitapataja. Foleni, vumbi, tangu asubuhi. Zamu yake ikafika, akaweka kidole. Mashine ikalia. Kingine. Ikalia. Vyote kumi. Bibi amelima maharage kwenye miteremko hii tangu msichana, jembe limemfuta vidole, ni laini kama jiwe la mtoni. Kijana wa dawatini hakuwa mbaya, alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akatamka ile sentensi: "Bibi, mashine imekataa."

Mimi niliinamisha kichwa. Bibi hakuinamisha. Akaitazama ile mashine, akaitazama foleni nyuma yake, akasema, "Haijawahi kulima hiyo. Iacheni ije shambani msimu mmoja, itanijua."

Foleni nzima ikacheka, na kijana naye akacheka. Halafu akafanya ambacho hakuwa amekifanya kwa wengine asubuhi ile: akasimama, akaomba maji, akamsafisha bibi vidole, akavikausha, akajaribu tena polepole, kidole gumba cha kushoto. Kikasoma. Sisemi utani unatengeneza mashine. Ninachosema ni kwamba kabla ya utani ule mwenye kasoro alikuwa bibi, na baada yake mwenye kasoro ilikuwa mashine. Hiyo ndiyo nguvu ninayoizungumzia. Nadhani hata wale waliobandika nondo kwenye daftari mwaka 1947 walikuwa wanafanya jambo hilohilo.

Kwa nini nawaambia haya ninyi wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wenu mna riwaya chini ya godoro kama mimi? Kwa sababu mashine nyingine imeshafika mlangoni, na jina lake bado halijakauka. Ile kompyuta inayojibu maswali, inayoandika barua na kuchora picha, redio na magazeti yanaiita kwa majina matatu: akili bandia, akili unde, akili mnemba. Wataalamu wanavutana, na hilo ni jema. Safari hii hakuna amri iliyofunga mlango. Mashine imo ndani ya simu ya dereva wa bodaboda wakati uleule imo kwa mwanafunzi wa Nairobi na wa London. Hatukuchelewa miaka ishirini. Tumefika tembo angali mtoto.

Na utani umeshaanza. Nilimsikia kijana mmoja hapa Lushoto, jina la akili bandia lilipotajwa redioni, akiuliza kwa utulivu kabisa: "Bandia? Na hii wataizima lini, kama zile simu?" Watu wakacheka, lakini pima swali lenyewe. Nani anaamua akili ipi ni halali? Nani atakayezimiwa? Mashine hiyo itavitambua vidole vya nani? Mkutano mzima ungeweza kukaa siku tatu usifike alipofika yule kijana kwa sentensi moja.

Wenzangu, tuandike vicheko hivi vikiwa moto. Mwenye daftari aandike, mwenye simu anukuu. Tusingoje kamusi itupe ruhusa, na tusiitukane kamusi pia, maana siku ikitaka ushahidi itakuja kuutafuta kwetu. Tuandike nani alisema, mahali gani, alikuwa amebeba nini kichwani. Kuna vicheko vingi vya miaka ya 1974 hadi 1994 ambavyo hatutavipata tena kwa sababu hakuna aliyeona kuwa ni historia.

Kwenye mswada wangu kuna sura ambamo mashine hiyo inatajwa mara nyingi. Kila mahali nimeacha nafasi wazi, mstari mtupu wa kalamu ya risasi. Sijachagua kati ya yale majina matatu. Kesho ni siku ya soko, nitashuka kusikiliza kwanza.